Jimi ana miezi 7, anakojoa sebuleni, anarukia wageni, anatafuna viatu: nimfanyeje?

Swali: Habari, tuna mbwa wetu dume anaitwa Jimi, ana miezi 7 sasa, tulimchukua akiwa na miezi 2 na anaishi ndani na sisi. Shida ni kwamba anakojoa sebuleni, anarukia kila mgeni anayeingia, anatafuna viatu na mito ya makochi, na tukitoka wote anabweka mpaka majirani wanalalamika. Mume wangu akikuta mkojo anamkamata, anamsugua pua palepale alafu anamchapa na ndala. Na mbwa anajua kabisa amekosea maana tukirudi tu tunamkuta kajibanza chini ya meza, masikio kayalaza, lakini kesho anarudia yaleyale. Mume wangu anasema ni kiburi, anataka kuwa bosi wa nyumba, bora tumfunge mnyororo uani au tumtoe. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 4, wanampenda sana. Je ameshakuwa mkubwa mno kufundishwa?

Jibu:

Dada, asante kwa kueleza kwa kirefu, maana hivyo vitu vidogo vidogo ulivyoweka, kama hilo la kujibanza chini ya meza, ndo vimenisaidia kuelewa kinachoendelea hapo kwenu. Nianze na la mwisho: hapana, hajawa mkubwa mno, miezi 7 bado ni mdogo sana, na hata mbwa wa miaka 7 anafundishika, tofauti yake tu ni kwamba huyo ana mazoea ya muda mrefu ya kuyaondoa kwanza. Na Jimi hana kiburi. Ninavyoona mimi, hakuna mtu aliyewahi kumuonesha afanye nini badala ya hayo anayofanya, na hayo anayofanya yanamlipa, alafu juu ya hapo yuko kwenye umri ambao ni mgumu kwa kila mbwa.

Hilo neno kumlipa naomba ulishike kwa sababu kila kitu nitakachokueleza kinatoka hapo. Mnyama anarudia tendo lililomletea kitu kizuri na anaacha lile lisilomletea kitu, Edward Thorndike alilionesha hilo tangu 1898 kwa majaribio ya paka waliofungiwa kwenye visanduku wakatafute wenyewe namna ya kutoka, na wakufunzi wa mbwa mpaka leo wanafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo ukiona mbwa anarudia kitu kila siku, swali la kujiuliza ni anapata nini pale? Akirukia mgeni anapata kuguswa, kusemeshwa na kutazamwa, hata kama maneno yenyewe ni ya ukali. Akitafuna mto anapata raha ya meno na muda unaenda. Akikojoa sebuleni kibofu kinapata nafuu, na nafuu hiyo inakuja hapohapo, hauna namna ya kumnyang'anya tena baadaye.

Sasa kuhusu hiyo sura ya kosa, yaani kule kujibanza chini ya meza na kulaza masikio. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilipima hili vizuri sana, wenye mbwa waliambiwa wawakataze mbwa wao kula kitafunwa kilichowekwa pale alafu watoke chumbani, wakirudi wanaambiwa mbwa amekula au hajala, ila mara nyingine waliambiwa uongo. Ikaonekana ile sura ya nimekosea haikutegemea kama mbwa alikula kweli, ilitegemea kama mwenyewe amemfokea, na mbwa waliofokewa bila kosa lolote ndo waliionesha zaidi. Yaani masikio kulala, mkia kuingia katikati ya miguu, kujikunja, kulamba midomo, hiyo ni njia ya mbwa kumuomba mtu aliyekasirika asimdhuru. Jimi ameshajifunza kwamba nyinyi mkirudi na kuna maji sakafuni basi hali inachafuka. Hajajifunza kwamba kukojoa ndo kumeleta hayo, kwa sababu alikojoa masaa mawili nyuma na ndala imekuja sasa, na mbwa anaunganisha tendo lake na kile kinachotokea ndani ya sekunde moja au mbili, zaidi ya hapo unakuwa unamuadhibu kwa kile anachofanya dakika hiyo, ambacho mara nyingi ni kuja kukupokea.

Na kuna hasara nyingine ambayo watu hawaioni, mbwa aliyechapwa kwa ajili ya mkojo anajifunza kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari. Matokeo yake unamtoa nje, unasimama naye dakika 20, hakojoi, mnarudi ndani, anaenda nyuma ya kochi anakojoa. Watu wanasema ona huyo anafanya makusudi! Hapana jamani, amejifunza kujificha, na mbwa anayejificha hauwezi kumpongeza kwa kufanya sehemu sahihi maana hakupi nafasi ya kumuona. Kwa hiyo ndala na kusugua pua viishe leo. Nasema hivi kwa uzito kabisa, kwa sababu mkiendelea navyo, yote yatakayofuata hapa chini hayatashika.

Mwambie na shemeji kwamba hilo la kutaka kuwa bosi wa nyumba linajulikana lilikotoka. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel kule Uswisi, aliona wanagombania cheo, na kutoka hapo watu wakaanza kufundisha kwamba mbwa wa nyumbani naye anatafuta ubosi hivyohivyo kwa binadamu. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyeieneza sana hiyo fikra kwa kitabu chake cha 1970, baadaye aliikana mwenyewe, na 1999 akaandika kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia tu, baba na mama na watoto wao, wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Kwa hiyo ile ya kumlaza mbwa chali ukamkandamiza ili ajue nani mkubwa iachwe kabisa, ni rahisi mtu kung'atwa akiwa kwenye zoezi la namna hiyo.

Umri nao usiuchukulie poa. Kati ya miezi 6 na karibu mwaka na nusu mbwa anapita kwenye ujana, homoni zinapanda, na mambo aliyokuwa anayajua anakuwa kama kayasahau. Utafiti uliochapishwa Uingereza 2020 uliwapima mbwa kwenye amri ya kukaa wakiwa na miezi 5 na tena wakiwa na miezi 8, ukakuta wa miezi 8 walikuwa wagumu zaidi kumsikiliza mtu wao kuliko kumsikiliza mgeni, na wakifika kama mwaka mmoja hali inarudi vizuri. Mbwa wengi wanatolewa na wenyewe katika kipindi hikihiki, na inauma kwa sababu ni kipindi kinachopita.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Kwanza mtengeneze neno moja la pongezi, neno fupi, mfano Safi! Neno hilo halina maana kwa mbwa mpaka mlipe maana, kwa hiyo kaa naye sehemu tulivu, sema Safi alafu mpe kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa bila chumvi wala viungo, ukubwa wa ncha ya kidole tu, rudia rudia. Baada ya muda mfupi utaona ukisema Safi anageuka kuangalia mkono wako, hapo neno limeshaingia. Kazi ya neno hili ni kumuonesha sekunde ileile aliyopatia, maana nyama yenyewe inaweza kuchelewa kidogo ukiwa unaitoa mfukoni lakini neno halichelewi. Chakula hicho kitoke kwenye hesabu ya chakula chake cha siku asije akanenepa. Na mazoezi yawe mafupi, dakika 3 mpaka 5, mara chache kwa siku, zaidi ya hapo akili inachoka na wewe unaanza kukasirika.

Mkojo sasa, hapa nitakaa kidogo. Kabla ya kumfundisha angalia anakojoa vipi, kwa sababu sio kila mkojo ni kukosa adabu. Akitoa mwingi sehemu moja katikati ya sebule, huyo hajamaliza kufundishwa choo. Akinyanyua mguu akapiga kidogo kidogo kwenye kona ya kochi, mguu wa meza, pazia, huyo anaweka alama yake, na kwa dume wa miezi 7 ndo umri unaoanza, kuhasiwa kunasaidia mbwa wengi japo sio wote, ongea na daktari wa mifugo kuhusu muda unaomfaa Jimi kulingana na ukubwa wake. Akidondosha matone pale mtu anapomuinamia au anapoingia kwa kelele, huyo ana woga au furaha imemzidi, na huyo ukimfokea unazidisha kabisa, dawa yake ni watu waingie kimya, wasimuinamie, wachuchumae ubavuni wamuache aje mwenyewe. Na akikojoa mara nyingi kuliko kawaida, anakunywa maji sana, mkojo una damu au anajikamua, hiyo ni hospitali na wala sio mafunzo, peleka kwa daktari kwanza.

Kama ni huyo wa kwanza, ambaye nadhani ndo Jimi, mnaanza upya kama vile ameingia nyumbani leo. Kuna kipimo cha kukadiria ambacho wakufunzi wengi wanakitumia, chukua umri wake kwa miezi ongeza moja, hayo ndo masaa anayoweza kujizuia kwa juu kabisa akiwa ametulia, ila kwa anayeanza upya usimpeleke huko, mtoe kila baada ya masaa mawili akiwa macho, na kila akiamka, kila akimaliza kula, na kila akimaliza kucheza, hizo nyakati tatu usizikose. Mtoe kwa kamba, mpeleke sehemu ileile kila siku, simama kimya usimchezeshe, akianza kukojoa nyamaza, akimaliza tu sema Safi na mpe zawadi palepale nje, sio mkirudi ndani, maana ukimpa ndani umemlipa kwa kuingia ndani. Alafu msirudi haraka, mpe dakika chache za kunusanusa, mbwa wengi wakigundua kwamba kukojoa ndo mwisho wa kutembea wanaanza kuubana makusudi.

Ndani ya nyumba anakuwa machoni pa mtu au anakuwa sehemu ndogo iliyofungwa, hakuna kuzurura vyumba vyote mwenyewe kwa sasa. Sehemu ndogo inaweza kuwa kona ya jikoni yenye kizuizi, au kreti, yaani kizimba cha mbwa cha ndani, kubwa ya kutosha asimame na kugeuka, ambayo mmemzoesha kwa kumlishia humo mlango ukiwa wazi siku kadhaa kabla ya kuufunga hata kidogo, na hiyo sehemu isigeuzwe jela ya kumfungia akikosea. Ukimuona anazunguka zunguka, ananusa sakafu kwa haraka, ameacha ghafla mchezo, hizo ni dalili, mtoe. Ukimkuta katikati ya tendo sema tu jina lake kwa sauti ya kawaida mkatoke amalizie nje. Ukikuta mkojo umeshakauka hamna la kumwambia, safisha uendelee na siku yako.

Na kwenye kusafisha wengi wanakosea, wanapiga deki na dawa yenye amonia, na mkojo wenyewe una amonia, kwa hiyo mnamuachia harufu inayofanana na ya chooni kwake. Tafuta sabuni yenye vimeng'enya (enzymes), zile za kuondoa harufu za wanyama, kama hamna tumia siki iliyochanganywa na maji baada ya kuosha vizuri kwa sabuni ya kawaida. Kama kuna zulia ambalo limeshalowa mara nyingi, lioshwe lianikwe lisirudi sebuleni mpaka hili jambo liishe.

Tuje kwenye kurukia wageni. Mbwa wanasalimiana uso kwa uso, na uso wako uko juu, ndo maana anaruka, wala hapo hakuna dharau. Shida ni kwamba tangu akiwa na miezi 2 alikuwa akiruka watu wanacheka wanambeba, leo ana uzito na kucha, watu wanamsukuma na wanapiga kelele, na yeye anaona ni mchezo uleule umeongezeka utamu. Mtu akimsukuma kwa mikono miwili kamgusa, akimwambia shuka shuka shuka kamsemesha, yote hayo ni malipo. Sasa mnabadilisha bei: miguu minne chini ndo inapata kila kitu, miguu juu haipati chochote, wala jicho. Akiruka geuka mgongo, kunja mikono, kaa kimya kama ukuta, akigusa chini tu geuka msemeshe taratibu na mpe kipande chini kabisa karibu na sakafu, maana ukimpa juu unamvuta aruke tena.

Na mjue kabisa siku za mwanzo atazidisha. Mtu aliyezoea kengele ya mlango inayoita kila siku, leo akibonyeza ikakaa kimya haondoki, anabonyeza tena kwa nguvu na kwa muda mrefu, na Jimi atafanya hivyohivyo, ataruka zaidi, atabweka, atavuta nguo. Hapo ndo familia nyingi zinashindwa, mmoja anasema aa basi mbembeleze tu atulie, na kwa kufanya hivyo wamemfundisha kwamba kuruka kidogo hakulipi ila kuruka sana kunalipa. Kwa hiyo ni watu wote wa nyumbani au msianze kabisa, na huyu wa miaka 4 ambaye hataweza kusimama kama ukuta, yeye asiwepo mlangoni wakati wa kupokea wageni mpaka Jimi azoee.

Sambamba na hilo mfundishe kukaa, kwa sababu mbwa aliyekaa hawezi kuwa ameruka. Shika kipande cha nyama mbele ya pua yake, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, pua ikifuata juu makalio yanashuka, yakigusa chini Safi na zawadi. Usimkandamize mgongo. Akishafanya bila kusita ndo unaongeza neno Kaa, unalisema mara moja, sio Kaa kaa kaa Jimi kaa, maana hapo anajifunza kwamba amri ni ile ya tano. Na usishangae akikaa vizuri jikoni alafu mlangoni awe kama hajawahi kulisikia hilo neno, mbwa anajifunza kitu pamoja na mahali alipojifunzia, kwa hiyo mnalifundisha upya sebuleni, upya mlangoni, upya uani, kila sehemu mpya inachukua muda mfupi kuliko ya kwanza. Na ukiongeza ugumu ongeza kimoja tu, ama muda wa kukaa, ama umbali wako, ama kelele, usiongeze vyote kwa mpigo.

Kwa wageni halisi, muombe rafiki au ndugu mmoja mvumilivu aje kwa ajili ya zoezi tu. Jimi awe kwenye kamba ameshikwa na wewe hatua kadhaa kutoka mlangoni, mgeni anaingia anatembea taratibu kuja, Jimi akikaa mgeni anaendelea, Jimi akinyanyuka mgeni anarudi nyuma. Hamna kelele wala hasira, yaani mgeni mwenyewe ndo zawadi. Mkirudia mara nyingi siku hiyo utaona kwa macho yako pale anapoelewa, na akishaelewa mnabadilisha mgeni. Na siku ambayo wanakuja watu wengi na hamna muda wa kufundisha, muwekeni kwenye sehemu yake akiwa na kitu cha kutafuna, msimruhusu afanye mazoezi ya kuruka, kwa sababu kila mara anayofanikiwa inarudisha nyuma yote mliyofanya.

Viatu na mito, hapa ni kifupi. Mbwa anaota meno 28 ya utoto na yanabadilishwa na 42 ya ukubwani, kazi hiyo inaisha kama kwenye miezi 6 au 7, lakini hamu ya kutafuna inaendelea miezi mingi baada ya hapo na ni haja halali kabisa. Viatu viingie kabatini, nasema hivyo bila aibu, nusu ya tabia njema ya mbwa mdogo ni nyumba iliyopangwa vizuri. Mpeni vyake vya kutafuna, mpira mgumu wenye shimo la kujazia chakula, kamba nene, mbadilishe badilishe asivichoke, ila msimpe mifupa iliyopikwa maana inavunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo, na msimpe kiatu kichakavu mkidhani mnamfanyia wema, hawezi kujua kipi ni chakavu na kipi ni cha kazini kwa shemeji. Akishika kitu kisicho chake msimkimbize wala msimpokonye, mpe kitu kizuri zaidi abadilishane, akiachia sema Safi. Mbwa anayepokonywa kila siku anaanza kulinda vitu, na kulinda vitu kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 4 ni jambo la kuogopa kweli.

Kubweka mkitoka kunategemea sababu. Wekeni simu irekodi video mkiwa hampo, ndo mtajua. Kama anabweka akisikia watu njiani alafu anaenda kulala, huyo ni mlinzi au amechoshwa na ukimya, fungeni pazia, wekeni redio kwa sauti ndogo, atembezwe vizuri kabla hamjatoka na aachiwe chakula cha kutafuta tafuta humo ndani. Kutembezwa ninakosema ni pamoja na kumuacha anuse anavyotaka, matembezi ya kunusa yanamchosha akili kuliko kukimbizwa tu. Lakini kama kuanzia dakika mnazofunga mlango anahema kwa nguvu, anadondosha mate, anakwaruza mlango, hagusi hata nyama mliyomuachia, hiyo ni hofu ya kuachwa, na hofu haichapwi wala haizuiliwi kwa kumpuuza akilia mpaka azoee. Hapo mnaanza kwa kutoka sekunde chache na kurudi kabla hajapaniki, kisha nusu dakika, kisha dakika, mnapanda taratibu sana, na ikiwa kali daktari wa mifugo anaweza kusaidia na dawa wakati mafunzo yanaendelea, hiyo sio aibu.

Mnyororo uani mtausahau jamani. Mbwa aliyefungwa siku nzima hajifunzi tabia ya ndani kwa sababu hayupo ndani, anabweka zaidi kwa kuchoshwa, na anakuwa mkali kwa kila anayepita kwa vile anajua hawezi kukimbia. Kumtoa kwa familia nyingine nako nisingekimbilia, labda kama mmekaa chini mkaona kweli hamna mtu nyumbani mwenye muda wa kumtoa nje na kumfundisha, hapo ni haki yake kupata wenye muda.

Nimalizie na watoto, na hapa dada naomba usome polepole. Wa miaka 9 anaweza kuwa mwalimu mzuri sana wa Jimi, mpe zoezi la kukaa ukiwepo, watoto wa umri huo wana subira kuliko tunavyodhani. Wa miaka 4 na mbwa wasiachwe wawili peke yao, hata dakika unayoenda kuzima jiko, haijalishi Jimi ni mpole kiasi gani, mtoto anayeng'atwa mara nyingi anang'atwa na mbwa anayemjua. Mtoto asimsogelee akiwa anakula, amelala au ana kitu mdomoni, asimkumbatie shingo wala kumpanda, akitaka kumshika amuite Jimi aje mwenyewe, asipokuja basi hataki. Na nyinyi wakubwa mjifunze dalili zake za kusema nimechoka: anageuza kichwa pembeni, analamba midomo bila chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mwili unakakamaa. Mkiziona mtoeni mtoto taratibu. Akinguruma msimchape kwa kunguruma, hiyo ndo taarifa yake ya mwisho kabla ya meno, mbwa aliyefundishwa kutonguruma anang'ata bila taarifa. Siku atakayonguruma au kukakamaa mtoto akipita karibu na bakuli lake la chakula, mtenganisheni na watoto kwa mlango uliofungwa siku hiyohiyo, mpeleke kwa daktari aangaliwe kama kuna sehemu inamuuma, na mtafute mkufunzi anayefundisha bila kipigo aje awaone hapo nyumbani, hilo msilijaribu wenyewe kwa maelezo ya kusoma, yakiwemo haya yangu.